Huyu Kuku Si Mpole: Hofu Inavyoushika Ubongo wa Mnyama

Jumapili moja asubuhi nilikuwa soko la Kibuye, Kisumu, natafuta kuku wa kienyeji. Mama mmoja aliingiza mkono kwenye tenga, akamtoa mtetea mwekundu, akamlaza chali juu ya gunia na kumkandamiza kifua kwa kiganja, taratibu, kama mtu anayepima unga kama umeumuka. Akasubiri kidogo, kisha akaondoa mkono. Kuku hakuinuka. Hakuwa amefungwa kamba wala hakuna aliyemshika, lakini alibaki vilevile, miguu juu, jicho moja likitazama mabati ya kibanda.

"Unaona, nyathina?" mama akaniambia. "Huyu ni mpole. Hatakusumbua."

Nikalipa. Mtu wa boda akamfunga miguu, akamning'iniza kichwa chini kwenye usukani, tukaondoka kuelekea Kondele, na njia nzima nikawa nalirudia lile neno: mpole. Mama yule anajua kuku kuliko mimi, na kuhusu bei sina lalamiko. Ila kwa neno hilo alikosea. Mtetea aliyelala pale bila kufurukuta alikuwa amejaa hofu hadi kwenye kucha.

Jambo hili ni la kale. Mwaka 1646 padri Mjesuiti, Athanasius Kircher, alieleza jinsi ya kumfunga kuku miguu, kumlaza chini, kumchorea mstari wa chaki mbele ya jicho, kisha kumfungua. Kuku anabaki palepale. Kircher aliamini kwamba kuku anauona ule mstari akidhani bado ni kamba. Maelezo matamu, lakini chaki haikuwa na kazi yoyote. Kulazwa na kukandamizwa kunatosha. Watafiti wa ufugaji wa leo wameugeuza mchezo huo kuwa kipimo. Wanamlaza kuku chali, wanamwachia, wanaanza kuhesabu dakika. Kadiri anavyochelewa kuinuka ndivyo anavyohesabiwa kuwa na hofu zaidi. Kuku aliyezoea kushikwa na watu huinuka upesi, na aliyetoka kushtuliwa na kelele kali hukaa chini muda mrefu. Waliopima damu nao waliona kwamba kuku aliyebebwa kichwa chini hupandisha homoni ya msongo kuliko aliyebebwa wima. Nilikumbuka hilo tukiwa tayari tumevuka mzunguko wa Kondele, tumechelewa.

Mbona basi mnyama mwenye hofu atulie? Sisi tumezoea kuitafuta hofu katika mbio na makelele. Lakini ukienda Hifadhi ya Ziwa Nakuru ukamkuta swala pala aliyenusa chui, utaona kwanza amesimama kama sanamu. Adui bado yuko mbali. Masikio yamesimama, pumzi imepungua, misuli ya mapaja imekazwa kama upinde. Wanyama wawindaji huona haraka kitu kinachosogea, kwa hiyo asiyesogea ana nafasi ya kupitwa. Huku ndiko kuganda, na ni kazi ngumu, siyo mapumziko.

Kutulia kwa kuku wangu ni kwa aina nyingine. Huko huja mnyama akishakamatwa, mbio zimeshindikana na kupigana hakufai. Watafiti wa Amerika Kaskazini waliwahi kuwaachia mbweha wekundu waliofungiwa wakamate bata hai. Bata wengi walilegea kama maiti mara tu walipobanwa, na baadhi yao, mbweha alipowatua chini akidhani kazi imekwisha, waliruka wakaenda zao. Ubongo basi una ngazi zake za kupanda kadiri adui anavyokaribia: kuganda akiwa mbali, kukimbia akija, kupigana akifika, na mwisho kabisa kulegea. Mama wa Kibuye alinionyesha ngazi ya mwisho akaiita upole.

Hizi ngazi zinaongozwa na nini? Sehemu inayotajwa kuliko zote ni amigdala, vifundo viwili vidogo vilivyojificha ndani ya ubongo, kimoja kila upande, karibu na usawa wa masikio. Kwa binadamu vina ukubwa na umbo la lozi, na jina lenyewe ni la Kigiriki lenye maana hiyohiyo. Miaka ya 1930 huko Chicago, Heinrich Klüver na Paul Bucy waliwaondoa tumbili aina ya rhesus sehemu za pembeni za ubongo, na tumbili waliokuwa wakiogopa watu na nyoka wakaanza kuwasogelea bila wasiwasi na kutia mdomoni chochote walichokiona. Ilichukua miaka hadi wengine kubaini kwamba katika eneo lile kubwa lililokatwa, kitu muhimu kwa hofu kilikuwa amigdala. Mwaka 1972 Robert na Caroline Blanchard walionyesha kwamba panya aliyeharibiwa amigdala hagandi tena mbele ya paka.

Aliyeichora ramani ya ndani ni Joseph LeDoux wa New York. Jaribio lake lilikuwa jepesi kulieleza. Panya anasikia mlio, na mlio unapokoma anapigwa shoti ndogo ya umeme miguuni. Baada ya mara chache tu, mlio peke yake unatosha: panya anaganda, shinikizo la damu linapanda. Swali la LeDoux lilikuwa, mlio unapita wapi kutoka sikioni hadi kwenye mguu uliokataa kusogea? Alikata njia moja baada ya nyingine. Alipoharibu gamba la juu la ubongo linalochambua sauti, panya aliendelea kujifunza hofu. Alipoharibu kituo kilicho chini yake, thalamasi, hofu haikujifunzwa tena. Maana yake, kuna njia ya mkato: sauti inaingia thalamasi na kuruka moja kwa moja hadi amigdala bila kupitia kwenye gamba. Kwa panya safari hiyo huchukua kama milisekunde 12, yaani sehemu 12 kati ya 1,000 za sekunde moja.

Njia ndefu, inayopitia kwenye gamba, huchelewa kidogo lakini hubeba habari kamili zaidi. Ndiyo sababu unaweza kuruka nyuma kwenye njia ya shamba kisha ukajicheka: mguu umeshakwepa nyoka kabla jicho halijakuambia kwamba ni mpira wa kumwagilia maji. Wazee walilisema bila maabara: aliyeumwa na nyoka akiona ung'ongo hushtuka. Njia ya mkato haina subira ya kutofautisha ung'ongo na nyoka, na kwa hesabu ya kubaki hai haijakosea. Kushtukia ung'ongo mara mia ni hasara ndogo kuliko kumdharau nyoka mara moja.

Kutoka amigdala amri zinasambaa. Moja inashuka hadi eneo la kijivu katikati ya shina la ubongo, na hiyo ndiyo inayogandisha misuli. Nyingine inakwenda haipothalamasi, kipande kidogo kilicho chini ya thalamasi, na moyo unaanza kwenda mbio. Anayedhani wanyama wakubwa wako juu ya mambo haya aangalie tembo wa Amboseli. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 2014, Karen McComb na wenzake waliwachezea tembo sauti za watu zilizorekodiwa, wakisema maneno yaleyale: tazama kule, kundi la tembo linakuja. Sauti za wanaume wa Kimaasai ziliwafanya tembo wakusanyike na kurudi nyuma kuliko sauti za wanaume wa Kikamba, na sauti za wanawake na wavulana wa Kimaasai hazikuwatisha kiasi hicho. Moran na tembo wamegombana tangu zamani, na mikuki imeacha kumbukumbu. Hapo ung'ongo na nyoka vimetenganishwa barabara. Kwa hiyo hofu ya kujifunza inaweza kuwa butu kama panga la kufyekea nyasi, au kali kama wembe, kutegemea mnyama ameishi nini.

Sasa tushuke kutoka kichwani hadi kwenye damu, kwa sababu hapa ndipo msongo unapoingia. Niseme kwanza kwamba sipendi sana msemo wetu wa "msongo wa mawazo". Unatufanya tudhani jambo lenyewe linakaa katika kufikiri. Panya hana mawazo ya karo wala kodi ya nyumba, na bado anapata msongo wa kutosha kumharibu tumbo. Nitasema msongo tu, na vijana wa Nakuru wanaosema "niko na stresi" wanisamehe.

Kuna mikondo miwili. Wa kwanza ni wa haraka. Walter Cannon wa Harvard, mwanzoni mwa karne ya 20, alimweka paka mbele ya mbwa anayebweka, kisha akaichunguza damu yake. Ndani yake kulikuwa na adrenalini, ambayo hutoka katika tezi mbili zilizokaa juu ya figo kama kofia. Ujumbe kutoka kwenye ubongo hufika huko kwa mishipa ya neva, kwa hiyo ni suala la sekunde: moyo unadunda, sukari inamwagika kwenye damu, mate yanakauka, utumbo unasimamisha kazi. Mwili unahamisha bajeti yote kwenye misuli. Kusaga chakula kunaweza kusubiri. Kama paka hataponyoka, chakula hicho kitasagwa na mwingine.

Mkondo wa pili ni wa polepole na unapitia vituo vitatu. Haipothalamasi inatoa homoni kidogo sana, ambayo inaamsha tezi ya pituitari iliyoning'inia chini ya ubongo. Pituitari nayo inatuma homoni yake kwa damu hadi kwenye zile kofia za figo, na gamba la nje la tezi hizo linatoa kortisoli. Panya na ndege wao hutumia zaidi dada yake, kortikosteroni. Homoni ile ya kwanza, ya haipothalamasi, ni adimu kiasi kwamba Wylie Vale na wenzake huko California, waliotangaza muundo wake mwaka 1981, walilazimika kukusanya vipande vya ubongo wa kondoo kwa mamia ya maelfu. Dakika kadhaa hupita kabla kortisoli haijapanda vizuri, kwa hiyo haimsaidii kuku kumkwepa mwewe. Kazi yake ni ya baada ya tukio: kuendelea kutafuta sukari, kupunguza kasi ya kinga ya mwili, kusaidia ubongo uweke kumbukumbu ya kilichotokea. Kisha homoni hiyohiyo inarudi kwenye ubongo na kusema, basi, imetosha, na mkondo unafungwa. Ni kama mlinzi anayelia filimbi halafu anaambiwa na mwenye nyumba aache.

Matatizo yote ya msongo yako katika ule ujumbe wa "imetosha" kutofika, au kufika na kutosikilizwa.

Wa kwanza kuyaona ni Hans Selye, huko Montreal. Alikuwa akiwadunga panya majimaji ya tezi akitumaini kugundua homoni mpya. Panya waliathirika vizuri, kwa maana ya mtafiti: tezi za figo zilivimba, tezi ya kinga iliyo kifuani ilisinyaa, tumbo lilitoka vidonda. Furaha ikamwishia alipowadunga vitu vingine visivyohusiana kabisa na kupata mambo yaleyale matatu. Baridi kali ilileta hayohayo, na kuchoshwa kwa mbio pia. Mwaka 1936 alichapisha barua fupi katika jarida la Nature akisema mwili una jibu moja kwa mateso ya kila aina. Ni mfano mzuri wa mtu aliyeshindwa kupata alichokitafuta akawa mwerevu wa kutosha kutazama alichokipata.

(Kuhusu vidonda vya tumbo kwa binadamu, asije mtu akaacha dawa kwa sababu yangu. Vingi husababishwa na bakteria aitwaye Helicobacter pylori au na dawa za maumivu. Panya wa Selye walikuwa na mkasa wao.)

Mwaka 1968 Bruce McEwen aligundua kwamba kortikosteroni ya panya inanasa kwa wingi katika hipokampasi, eneo la ubongo la kumbukumbu na la kujua uko wapi. Lilikuwa jambo la kushangaza, kwamba homoni ya tezi za figo ina makao maalumu katika sehemu ya ubongo inayofikiri. Yeye na wenzake baadaye wakaona kwamba panya akisongwa wiki kadhaa, matawi ya seli za hipokampasi yanafupika na kupungua.

Sumantra Chattarji na wenzake, Bangalore nchini India, wakauliza swali nililolipenda: je, na amigdala? Waliwafungia panya wasiweze kugeuka, saa mbili kila siku kwa siku kumi. Katika hipokampasi matawi yalipungua, kama ilivyotarajiwa. Katika amigdala yaliongezeka. Ni kama mwenye shamba la chai kule Kericho aliyepogoa upande mmoja na kuweka mbolea upande wa pili. Panya anatoka na ubongo ulioimarika katika kuogopa na kudhoofika katika kukumbuka ni wapi hasa panaogopesha. Panya wale walipopumzishwa siku 21, hipokampasi ilirudisha matawi yake. Amigdala haikupunguza yaliyoongezeka.

Mtu anaweza kusoma hayo akasema, kumbe msongo ni sumu, tuukimbie. Hapo ndipo wengi wanapopotoka, na mimi nilikuwa mmoja wao mpaka niliposoma majaribio ya Jay Weiss ya miaka ya 1960 na 1970. Panya wawili wanafungwa nyaya kwenye mkia. Wanapata shoti ileile, kwa nguvu ileile, kwa wakati uleule, kwa sababu nyaya zimeunganishwa. Tofauti ni moja. Panya wa kwanza ana kigurudumu mbele yake, na akikizungusha shoti inakatika kwa wote wawili. Wa pili ana kigurudumu pia, lakini hakijaunganishwa na kitu. Umeme waliopata ni sawasawa mpaka senti ya mwisho. Vidonda vya tumbo havikuwa sawa hata kidogo: yule asiye na njia ya kuuzima alikuwa na vidonda vingi zaidi. Weiss aliona pia kwamba panya anayepewa mlio wa kumtahadharisha kabla ya kila shoti anaumia tumbo kidogo kuliko anayepigwa bila taarifa. Aliyetahadharishwa anajua kwamba pasipo mlio pana amani, anaweza kupumzika. Mwingine hana dakika ya kupumzika. Anayeishi mtaa ambao stima hupotea bila ratiba ataelewa bila kuchorewa.

Ndipo nikarudi kwenye jambo la kutulia. Mwaka 1967 Martin Seligman na Steven Maier walichapisha majaribio ya mbwa waliopigwa shoti wasizoweza kuzizuia. Kesho yake waliwekwa kwenye boksi ambamo kuruka kizuizi kifupi tu kungewaokoa. Theluthi mbili hivi hawakuruka. Walilala wakavumilia. Wenzao waliopigwa shoti zilezile lakini wakiwa na uwezo wa kuzizima waliruka. Maelezo yakawa kwamba mbwa wamejifunza kutojiweza, na maelezo hayo yalifundishwa vyuoni kwa karibu miaka hamsini.

Mwaka 2016 haohao wawili, sasa wazee, waliandika kwamba walikuwa wameligeuza jambo juu chini. Maier alikuwa ameingia ndani ya ubongo wa panya kutafuta wapi kutojiweza kunajifunzwa, akakuta hakujifunzwi popote. Mateso yakiendelea, kundi la seli katika shina la ubongo linamwaga serotonini, kemikali ya kupashana habari kati ya seli, na mnyama analegea. Hiyo ni tabia aliyozaliwa nayo, haihitaji somo. Kinachojifunzwa ni kinyume chake: sehemu ya mbele ya gamba la ubongo inatambua kwamba "ninachofanya kinabadilisha kitu", na inatuma ujumbe wa kuzizuia zile seli za chini. Panya aliyewahi kuwa na kigurudumu kinachofanya kazi hubeba kinga hiyo hata mbele ya mateso mengine baadaye.

Mtetea wangu pale kwenye gunia hakuwa amejifunza chochote basi, wala hakuwa mpole wa kuzaliwa. Alikuwa katika hali ambayo ubongo hurudi kwayo wenyewe pale usipoona mlango. (Ubongo wa ndege na wa panya haufanani kila kitu, na kulegea kwa kuku na kwa mbwa wa Seligman si kitu kimoja seli kwa seli. Lakini sura yake inafanana vya kutosha kunitia wasiwasi.)

Maabara ina udhaifu wake: panya wa kwenye boksi hana jamaa, hana cheo, hana rafiki. Kwa hayo tuna bahati ya kuwa Wakenya. Ukitoka Nakuru kwenda Nairobi, kabla ya kufika Gilgil, unapita Kikopey, ambapo wasafiri husimama kula nyama choma. Ardhi ile ilikuwa ranchi ya mifugo, na hapo Shirley Strum alianza kuwafuata nyani mwaka 1972. Ranchi ilipouzwa na wakulima wakaingia na mahindi yao, nyani wakawa wezi wa shamba, na mwaka 1984 makundi yakahamishiwa nyanda za Laikipia. Miaka ile Strum alisisitiza jambo lililopingwa na wengi: dume hafiki popote kwa meno pekee. Anayepata ni yule mwenye marafiki, hasa majike.

Robert Sapolsky ndiye aliyeyapima yale kwa damu, upande wa pili, Maasai Mara, kuanzia mwaka 1978. Alitumia bomba la kupulizia kishale chenye dawa ya usingizi. Nyani hakutakiwa kumwona, na hakutakiwa kuwa ametoka kupigana au kupanda jike asubuhi ile, maana hesabu ingeharibika. Katika kundi lenye utulivu, madume wa chini ndio walioishi na kortisoli ya juu kila siku. Hao ndio hupokonywa chakula na kung'atwa na bosi aliyeudhiwa na bosi mwingine. Lakini vyeo vilipoyumba, wakubwa ndio walioungua. Na katika cheo kilekile, dume aliyekuwa na majike wa kukaa naye na kuchambuana manyoya alikuwa na homoni ya chini kuliko mpweke.

Halafu likaja jambo ambalo hakuna mtafiti angeruhusiwa kulipanga. Katikati ya miaka ya 1980 kundi jirani lilikuwa likila kwenye jalala la hoteli ya watalii. Madume wakorofi wa kundi la Sapolsky walikuwa wakienda huko kila asubuhi kupigania mabaki. Nyama ya jalala ilikuwa na kifua kikuu. Wakorofi wakafa, takriban nusu ya madume wote. Wakabaki majike na madume wasiopenda fujo. Kundi likawa la amani, na kilichomshangaza Sapolsky ni kwamba miaka kumi baadaye, madume waliokuwepo walikuwa wageni kutoka nje, lakini tabia ilikuwa ileile ya amani, na madume wa chini hawakuwa tena na alama za msongo kwenye damu.

Yote haya hayatupi ruhusa ya kusema tunajua kuku anahisi nini. LeDoux mwenyewe, baada ya miaka thelathini, alianza kuwakaripia wanaoiita amigdala "kituo cha hofu". Anasema alichopima ni jinsi mwili unavyojibu tishio; hisia yenyewe, ile ya kijasho chembamba na "nimekwisha", ni jambo la ziada ambalo panya hawezi kutusimulia. Na ana ushahidi wa kumsaidia. Kuna mwanamke Marekani, anayejulikana kwa herufi SM, ambaye ugonjwa uliharibu amigdala zake zote mbili. Nyoka hamtishi. Lakini mwaka 2013 ilitangazwa kwamba alipovutishwa hewa yenye kaboni dioksidi nyingi, alipatwa na kiwewe kikubwa. Hofu ile ilikuwa na mlango mwingine.

Kuna kosa jingine, na hili linanirudisha kwa mama wa Kibuye. Kwa miongo mingi hofu ya panya ilipimwa kwa kuhesabu sekunde za kuganda, na panya wengi walikuwa madume. Mwaka 2015 Rebecca Shansky na wenzake huko Boston waliwatazama majike kwa makini. Baadhi yao, mlio ulipolia, waliruka mbio kutoka pembe moja hadi nyingine. Kwa kipimo cha zamani hao wangeandikwa "hawana hofu", kwa kuwa hawakuganda. Mama alimwona kuku asiyesogea akasema mpole; watafiti walimwona panya anayesogea wakasema jasiri. Kosa lilelile, limegeuzwa.

Kuhusu tiba, kwa wenye mbwa wanaojificha uvunguni radi ikipiga, na kule Kakamega hupiga karibu kila alasiri ya mvua: panya akisikia mlio mara nyingi bila shoti, huacha kuganda. Ila kumbukumbu ya zamani haifutiki. Sehemu ya mbele ya gamba inaweka kumbukumbu mpya juu yake, inayosema "siku hizi hakuna kitu", na kuizuia amigdala. Mhamishie boksi jingine, au subiri wiki kadhaa, hofu inarudi. Mbwa uliyemzoesha sebuleni huenda akatetemeka upya ukimpeleka kwa shangazi. Hajasahau somo; amelifunga na sebule.

Tulipofika nyumbani nilimfungua kuku kamba nikamlaza kwenye nyasi. Hakusogea. "Baba, amekufa," mwanangu akasema. Nikamwambia akae upenuni anyamaze, tukakaa wote. Jicho lilikuwa likipepesa. Nzi alitua kwenye upanga wake akaondoka. Mwanangu alikuwa ameanza kuchoka, anageuka kuniuliza kitu, na tulipotazama tena pale kwenye nyasi palikuwa na manyoya mawili. Mpole alikuwa tayari ng'ambo ya michongoma ya jirani, juu ya paa la choo, akipiga kelele ambazo sikuzisikia Kibuye. Tulimkamata saa moja na nusu usiku, kuku wa jirani wakiwa wameshalala, na safari hii nilimbeba kwapani.